Mjomba Wangu Si Daktari

Sudi,
9 Juni 1975

Mjomba Kornelio,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mkaza-mjomba Tekla naye shikamoo yake, na wadogo zangu wote nawasalimu.

Barua tulifundishwa kuianza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni juu yenu. Safari hii nitaigeuza. Hofu iwe juu yangu, maana mzima mimi siyo, ila nyinyi naamini hamjambo. Mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia mwaka jana kama imekwisha, niambie.

Umeshaona anwani hapo juu, na najua umeikunjia uso. Ndiyo, niko Sudi, kwa shangazi Cecilia. Sikuja kwa harusi wala kwa msiba. Nimepewa likizo ya ugonjwa, siku tisini, kwa mshahara kamili. Ilianza tarehe 2 mwezi huu, itakwisha tarehe 30 Agosti, na Jumatatu tarehe 1 Septemba nitaripoti kazini.

Kifua kikuu sina, na mimba sina. Hilo nakujibu kabla hujauliza. Wala sikufukuzwa. Daktari mmoja wa Lindi alinipima kuanzia kichwani hadi nyayoni, akakuta damu iko sawa na moyo unapiga. Halafu akaniuliza, mara ya mwisho ulipumzika lini? Nikawa natafuta, natafuta, akasema basi, inatosha. Akaandika: uchovu mkubwa wa akili, apumzike siku tisini. Akapiga muhuri.

Unaijua kazi yangu ya uuguzi ilivyo. Wewe mwenyewe ulijisifu kwa watu nilipopelekwa kule kwenye kijiji kipya, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Njinjo. Mganga wa zahanati alihamishwa Machi mwaka jana, tukaambiwa mwingine yuko njiani. Mpaka leo yuko njiani. Kuchoma sindano mimi, kufunga vidonda mimi, kuzalisha mimi, kufagia mimi. Siku moja ya kliniki nilimweka mtoto kwenye mizani nikaitazama namba nisijue inasema nini. Naiona, haiingii. Nikakaa chini. Akina mama walisubiri kwenye foleni mpaka saa sita mchana, na mimi nimekaa pale pale. Yaliyotangulia siku hiyo sitaki kuyaandika.

Hapa nalala. Shangazi anachemsha chumvi yake huko pwani, asubuhi ananiwekea uji, anaufunika, anakwenda zake. Jioni anarudi ananipa mchele nichague mawe. Haniulizi kitu.

Ombi langu kwako ni moja. Usinitafutie dawa, na usinitungie maradhi mengine. Mtu akikuuliza, mwambie Yustina amechoka, anapumzika.

Mpwa wako,
Yustina Ambrosi


Namtamba,
24 Juni 1975

Mpwa wangu Yustina,

Marahaba, mama. Milele amina. Barua yako nimeipata kwa mkono wa dereva wa lori la ushirika. Sisi hapa wazima. Mbuzi wawili wamezaa pacha, mtama tumeshavuna, mkaza-mjomba wako anaumwa jino la nyuma na nyumba nzima tunaumwa naye. Mgongo haujambo.

Baada ya hayo, nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilidhani nimeruka mstari. Mtu ana damu nzuri, moyo unapiga, miguu yote miwili ipo, na Serikali inamlipa alale! Marehemu mama yako alikuwa akitoka shambani jua linazama, anatwanga, anapika, kesho yake anatangulia tena. Hatukumsikia hata siku moja akisema akili imechoka. Sisi tulijua akili inafikiri tu, haibebi mizigo.

Halafu Sudi. Yustina, sisi Wamwera mtoto ni wa upande wa mama. Ukiposwa anaitwa mjomba, ukifiwa anaitwa mjomba. Leo umeugua, unakwenda kulala upande wa baba! Watu wananiuliza, Kornelio, mpwa wako ulimkosea nini? Nawajibu nini mimi?

Na jambo zito zaidi ni hili. Mimi hapa ni balozi wa nyumba kumi. Kila asubuhi kile kipande cha reli kinapogongwa, napita mlango kwa mlango kuwahimiza watu kwenda shamba la kijiji. Juzi mkutanoni katibu wetu Tawakali alisimama akasema kuna watu wanalala huku wanalishwa na jasho la wenzao, na watu hao ni kupe. Jina hakulitaja. Alinitazama tu, na watu wote wakageuka kutazama alikotazama yeye.

Kwa hiyo nimewaambia kwamba uko mafunzoni Lindi. Ukija, uje na daftari mkononi.

Na uje upesi. Ng'ambo ya mto kuna mzee anayefungua vichwa vilivyofungwa. Wiki moja kwake itakutosha, kisha urudi kazini kabla hizo siku hazijaisha, watu waone mtoto wa kwetu si mvivu. Nauli nitakutumia.

Na pweza wa huko Sudi usile sana, anazidisha usingizi.

Mimi mjomba wako,
Kornelio


Sudi,
6 Julai 1975

Mjomba,

Shikamoo. Mpe pole mkaza-mjomba. Hilo jino aende akang'olewe, karafuu zinamchelewesha tu. Hongera kwa mbuzi. Pweza nimemla jana, na juzi, na leo yumo jikoni.

Umewaambia watu niko mafunzoni. Mafunzo gani, mjomba? Wakiniuliza nimejifunza nini nitawaambia kulala? Na hilo daftari nitaandika nini ndani yake? Nilikuomba jambo moja tu, nalo lilikuwa jepesi: sema amechoka, anapumzika. Maneno mawili. Umeyakwepa, ukaenda kutunga chuo kizima.

Unasema mtoto ni wa upande wa mama. Sawa, sikatai. Lakini nilipokuwa peke yangu mle zahanati mwaka mzima na zaidi, upande wa mama uliniandikia barua ngapi? Ninazo zote. Moja mnaomba vidonge vya homa, moja mnaomba khanga za sikukuu, moja mnauliza nitaolewa lini. Hakuna hata moja inayouliza kama nilikuwa nalala. Shangazi wa upande wa baba aliniona nashuka kwenye gari, akanipokea mzigo akasema, kitanda hiki hapa. Ndiyo sababu niko Sudi. Ulitaka kujua, umejua.

Huyo mzee wa ng'ambo ya mto mwache apumzike naye. Kichwa changu hakikufungwa na mtu. Kilitumika bila kupumzishwa mpaka kikagoma, na mimi sioni aibu, aibu ni ya waliokuwa wakikitumia.

Na huyo Tawakali, kama ana la kusema kuhusu mimi, ana kalamu. Neno kupe mimi silikubali. Likizo hii imo katika kanuni za kazi, imesainiwa na daktari, sikuiba wala sikuomba kwa magoti. Kama angekuwa mtu amevunjika mguu mngempa fimbo na kumsifu kwa uvumilivu.

Kwa hiyo siji Namtamba. Wala sirudi kazini kabla ya tarehe yangu. Siku tisini nitazilala zote, na ile ya mwisho nitailala mpaka saa nne asubuhi.

Nakuheshimu, lakini nimesema.

Yustina


Namtamba,
19 Julai 1975

Mpwa wangu Yustina,

Barua imefika. Jino limeng'olewa, mkaza-mjomba wako sasa anakula hata mifupa. Tunapalilia mikorosho ya kijiji, majani mwaka huu ni marefu. Katoto kamoja ka mbuzi kamekufa. Huku asubuhi baridi kali.

Kuhusu mambo yale mengine, nimeyashughulikia kama inavyompasa mjomba. Usiwe na wasiwasi.

Wasalimu huko.

Kornelio


Sudi,
4 Agosti 1975

Mjomba,

Shikamoo. Hiyo nakuandikia kwa sababu ya umri wako, ambao haujanikosea kitu.

Ijumaa nimeletewa telegramu kutoka ofisi ya wilaya. Inasema: MJOMBA WAKO AMETUARIFU UMEPONA RIPOTI KAZINI MARA MOJA. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikadhani ni ya mtu mwingine. Juzi ikafuata barua yenyewe, na ndani yake nakala ya barua yako. Mwandiko ni wako. "Mimi Kornelio, mwenye mtoto, nathibitisha kuwa mpwa wangu amepata nafuu kamili na ana hamu kubwa ya kulijenga taifa." Chini umeweka saini, na juu ya saini umepiga dole gumba, wasije wakasema si wewe.

Ulinipima lini, mjomba? Ulinishika mkono ukiwa Namtamba ukasikia mshipa unapiga huku Sudi? Siku ya posa utasema kwa niaba yangu na mimi nitakaa ndani kimya, hiyo ndiyo mila yetu na sijaikataa. Lakini ugonjwa wangu haukuposwa. Haukuwa wako kuutolea jibu.

Na wale wa ofisini nao, watu wazima waliosoma, wanapokea barua ya mjomba na kuiweka juu ya cheti cha daktari! Nimewajibu kwa mistari miwili. Mjomba wangu si daktari. Nitaripoti tarehe 1 Septemba. Wanasema watazuia mshahara. Wazuie. Chumvi ya shangazi itatulisha wote wawili.

Sasa nitakuambia yale niliyosema sitayaandika, maana naona nikikaa kimya watu wanaandika badala yangu.

Kijiji kile watu waliletwa kutoka kila upande, wengine kutoka Likawage huko, nyumba zikabanana, nyingine hazijaezekwa. Mwezi wa pili surua ikaingia. Niliomba dawa, niliomba gari, niliomba mtu wa pili wa kunisaidia. Hakuja mtu. Wakafa watoto kumi na tisa. Wa kwanza nililia na mama yake. Wa tano nilikwenda kulia peke yangu nyuma ya jengo. Wa kumi na tisa alikuwa mtoto wa kike, amevaa ushanga kiunoni. Mama yake alikuwa amempakata, ananitazama mimi, hajajua kama amekwisha. Nikamgusa yule mtoto, nikamfunika uso, nikainua kichwa kuelekea mlangoni nikasema, "Mwingine."

Hivyo hivyo, kama karani dirishani. Yule mama bado amekaa pale, na mimi nimeshaita mwingine.

Sikusikia uchungu wowote, mjomba. Hapo ndipo nilipoogopa. Wiki iliyofuata ndiyo namba ya mizani ikakataa kuingia, na mimi nikakaa chini, na namshukuru Mungu nilikaa chini. Ukinirudisha kule leo, atakayerudi ni yule aliyesema mwingine. Akina mama wale wamehamishwa, wamezika, wamevumilia vya kutosha. Siwapelekei mtu wa namna ile, hata uandike barua kumi na upige madole yote.

Usinitumie mbuzi wa kuomba radhi. Nenda ukaifute barua yako.

Yustina


Sudi,
17 Agosti 1975

Mjomba,

Shikamoo. Wiki mbili sijapata jibu. Dereva wa lori anasema barua alikukabidhi mkononi, ukaisoma kwenye kivuli cha lori, ukaondoka bila kumuaga.

Ofisi imeandika tena, safari hii kwa ukali. Nimewajibu maneno yale yale.

Shangazi anasema nikuache. Mimi nakuandikia ili ujue kwamba sijarudi kazini na sijabadilika. Jambo jingine ni kwamba jana nilimsikiliza jirani hapa akisimulia jinsi kuku wake alivyoingia kanisani, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa nimesahau sauti yangu ikicheka ilivyo.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi.

Yustina


Namtamba,
24 Agosti 1975

Mpwa wangu Yustina,

Salamu zako zote nimezipokea. Hapa wazima. Leo sitakuandikia habari za mbuzi, maana najua unanijua, nikianza na mbuzi nitaishia kwa mbuzi.

Safari hii sikukasirika. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na pa kuanzia ni mgongo.

Mwaka jana tulipohamishwa kutoka kwetu kwa zamani kule juu kuja hapa Namtamba, uliambiwa mjomba ana mgongo. Miezi miwili sikutoka ndani. Yustina, mgongo wangu haukuuma hata siku moja. Nilikuwa nimelala naangalia ukuta. Mkaza-mjomba wako akiniwekea chakula, hata sikitazami. Wakiniita sisikii, au nasikia lakini neno halifiki. Kule juu niliacha mikorosho niliyoipanda mwaka niliooa, na mingine aliipanda mama yako kabla hajakuzaa wewe. Hata hayo ningeyameza. Lakini mimi ndiye niliyekuwa balozi. Mimi ndiye niliyepita mlango kwa mlango nikiwaambia watu wapakie vyombo. Nyumba ya Valentini ilibomolewa nimesimama pale, nimeshika orodha, na Valentini ananitazama. Tumecheza pamoja tangu utoto. Sikumwambia hata pole. Nilisema twende kwenye nyumba inayofuata.

Nilipofika kwenye barua yako pale ulipoandika lile neno ulilolisema mbele ya yule mama, nilishindwa kuendelea. Ndiyo sababu nilimwacha dereva bila kumuaga.

Mgongo aliubuni mkaza-mjomba wako. Mgongo ni ugonjwa wenye heshima, watu walikuja na kuku na mayai ya kunipa pole. Ile dawa yako ya kuchua nilimpaka mbuzi aliyeteguka mguu, akapona, Mungu akubariki. Kisha siku moja Tawakali alikuja akaniambia, balozi, watu wanakuangalia wewe. Nikainuka nikaenda. Nimeinuka hivyo hivyo mpaka leo.

Sasa mtoto wangu ananiandikia kwamba daktari amekipa kitu kile jina, akakipigia muhuri, akasema apumzike kwa mshahara kamili. Nilikasirika, mama. Nilisingizia Tawakali, nikasingizia ukoo, nikasingizia taifa. Kumbe nilikuwa nauliza, mimi nani alinipa siku hata moja? Wivu huo. Mzee mzima namwonea wivu mpwa wangu kwa sababu amelala.

Wiki iliyopita nilipanda lori, nikapanda gari jingine, nikalala njiani siku mbili, nikafika hiyo ofisi yenu ya wilaya. Foleni ilikuwa ndefu. Karani akaniuliza shida yangu. Nikamwambia nimekuja kuifuta barua. Akaitafuta, akaiona, akacheka lile dole gumba. Akasema, "Sasa mzee, huyu binti amepona au hajapona?"

Nikamwambia, "Sijui. Sikumwuliza."

"Sasa uliandika nini?"

"Niliandika uongo."

Nilisema kwa sauti, watu wote kwenye foleni wakasikia. Yule karani aliniangalia kama mtu aliyeona kiti kinasema. Kuhusu mshahara wako hakuniahidi kitu, ila barua yangu ameitia msalaba wa wino mwekundu mbele ya macho yangu.

Hapa kijijini pia nimesema. Nimewaambia hakuna mafunzo, Yustina amechoka, anapumzika. Nilidhani watacheka. Wanawake wawili walinifuata baadaye wakaniuliza hiyo likizo mtu anaiombaje.

Nisamehe. Usirudi kabla ya tarehe yako.

Mimi mjomba wako,
Kornelio


Zahanati,
7 Septemba 1975

Mjomba wangu,

Shikamoo, na leo naiandika kwa moyo wote. Namsalimu mkaza-mjomba, mwambie aliyebuni ule mgongo angefaa kuwa mganga.

Niliisoma barua yako kwa shangazi, nikalia, shangazi akaondoa sufuria jikoni akaja kukaa nami. Nimekusamehe. Kosa lako halikuwa dogo, nami sitasema lilikuwa dogo, ila nimekusamehe.

Nimerudi Jumatatu tarehe 1, kama nilivyosema tangu mwanzo. Siku ya tisini nililala mpaka saa nne, uwaambie na hilo. Mshahara hawakuugusa. Wamenipa barua ya onyo kwa kukataa wito. Nimetakiwa kuisaini kuthibitisha nimeipokea, nikasaini, na chini yake nimeandika, "Ningekataa tena." Nayo sasa imo kwenye faili langu, atakayelifungua miaka ijayo atanisoma nilivyo.

Msaidizi hajaja. Nimewaandikia kwamba mpaka atakapokuja, Jumapili zahanati itafungwa, isipokuwa kwa mwanamke anayejifungua au mtu anayevuja damu. Wamenijibu kwamba hilo haliwezekani. Leo ni Jumapili, imefungwa, na mimi nakuandikia barua chini ya dirisha.

Kabla ya kufungua mlango ile Jumatatu nilikwenda kwanza nyumbani kwa yule mama. Nilipiga hodi. Nilimwambia, mama, siku ile sikukuuliza jina la mtoto wako. Akasema, "Alikuwa anaitwa Mwanasha." Tukakaa kwenye mkeka, akalia, na mimi nikalia, na machozi yaliniuma macho kama moshi. Nilijua hapo kuwa nimerudi mimi. Kliniki ya Jumatano mizani niliisoma vizuri.

Sasa ni zamu yako. Wewe mwaka jana hukupumzika, mjomba. Ulijificha, kisha ukaitwa ukainuka. Sitamwandikia mtu barua kwa niaba yako, unajua ninavyoyachukia mambo hayo. Nakuuliza tu lile swali aliloniuliza daktari, na ujibu mwenyewe.

Mpwa wako, wa upande wa mama,
Yustina


Namtamba,
28 Septemba 1975

Mpwa wangu Yustina,

Marahaba, mama. Mkaza-mjomba amefurahi kuitwa mganga, sasa anataka mshahara. Watoto wote wazima. Maua ya mikorosho mwaka huu ni mengi.

Swali lako lilinikalisha siku kadhaa. Jumatatu iliyopita reli ilipogongwa sikupita mlango kwa mlango. Nilitoa kigoda nikakaa nje, mbele ya nyumba, pale watu wote wanapopita na majembe. Ndani sikuingia makusudi. Waliponiona walipunguza mwendo.

Saa mbili hivi Tawakali akaja.

"Balozi, mgongo tena?"

"Mgongo mzima."

"Homa?"

"Sina."

"Sasa unaumwa nini?"

"Nimechoka," nikamwambia. "Nimechoka tangu siku ile ya kuwatoa watu kule juu. Napumzika siku tatu."

"Nani amekuruhusu?"

"Mimi."

Akasema nikiendelea hivyo ubalozi nitaupoteza. Nikamwambia asingoje, aende nao sasa hivi. Akaondoka. Mimi sikuinuka.

Jumanne Valentini alikuja na kigoda chake. Tangu siku ya nyumba yake hajawahi kukanyaga kwangu, hata mkaza-mjomba wako alipougua hakuja. Hakunisalimu. Aliweka kigoda kando ya changu, akakaa, tukatazama barabara. Jua lilipokuwa utosini nikamwambia, "Valentini, siku ile nilisema twende nyumba inayofuata." Akasema, "Nilikusikia." Nikamwambia pole. Akaninyooshea kikopo chake cha ugoro.

Jumatano tulikuwa saba. Wanne wanaume, watatu wanawake, kila mtu amekuja na kigoda au mkeka wake, na mkaza-mjomba wako akalalamika kwamba vikombe havitoshi. Hatukufanya mkutano. Wengine walisinzia. Mmoja alilia kidogo, akafuta uso, tukampa chai.

Alhamisi siku zangu tatu zilikuwa zimekwisha. Reli ilipogongwa tulikwenda shambani wote saba, tena kwa mwendo wetu. Ubalozi nimeshavuliwa, amepewa mwingine, na usingizi ninaoulala sasa sijaulala tangu kule juu.

Tawakali alikuwa ametusubiri penye mikorosho, na daftari la mahudhurio mkononi. Alisema lazima aandike sababu, maana bila sababu hawezi kuandika. Akatuuliza, nyinyi saba mlikuwa mnaumwa nini?

Nilikuwa nimefungua kinywa, lakini Valentini alinitangulia. Alisema neno moja tu, akainama akaanza kupalilia.

"Tulihamishwa."

Mjomba wako,
Kornelio